Hesabu za mwaka za kampuni ndogo: Kazi huanzia ghalani, si kwa mhasibu

WAKATI magunia ya mahindi na alizeti mpya yanapoanza kushushwa Kibaigwa na katika maghala ya Kizota, wenye makampuni madogo wa Dodoma huwa na shughuli nyingine isiyowapendeza. Juni 30 ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani ya mwaka kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kwa kila kampuni ambayo mwaka wake wa hesabu ulifungwa Desemba 31. Ndipo maboksi ya risiti, madaftari yaliyochanika majalada na karatasi za benki hubebwa kwa pamoja hadi ofisini kwa mhasibu, naye huombwa "atengeneze hesabu".

Kufikia hapo hakuna tena hesabu za kutengeneza. Kilichobaki ni kukisia. Mahindi yaliyokuwa stoo Desemba 31 yamekwisha kuuzwa, deni la ofisi fulani limelipwa nusu, na hakuna anayekumbuka fedha zilizotoka Oktoba kupitia simu ya mkurugenzi zilikwenda kwa nani. Mhasibu anaweza kupanga tarakimu zikakubaliana. Hawezi kuhesabu ghala la miezi sita iliyopita.

Suala hili ni zito zaidi Dodoma ya leo kuliko ilivyokuwa zamani. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulitolewa mwaka 1973, lakini kwa mfanyabiashara wa kawaida matokeo yake yalionekana baada ya Julai 2016, Serikali ilipotangaza kuhamia kwa dhati. Aprili 2018 manispaa ikawa jiji, na wizara zikajengewa Mji wa Serikali pale Mtumba. Ofisi hizo zinanunua karatasi, samani, vyakula vya semina, matairi na huduma za usafi. Anayetaka kuziuzia anatakiwa awe na karatasi zake: usajili, uthibitisho wa kulipa kodi na, kwa zabuni nyingi, hesabu zilizokaguliwa. Tangu mwaka 2023 zabuni za umma hupitia mfumo wa mtandao wa NeST. Kwa ajili hiyo watu waliokuwa wakiuza kwa majina yao wenyewe Majengo na Sabasaba walijisajili kuwa makampuni.

Wengi waliliona jina la kampuni kama mlango wa kuingilia kwenye zabuni. Hawakuangalia kilichokuwa nyuma ya mlango.

Kutoka makadirio kwenda vitabu

Mfanyabiashara binafsi mdogo, asiye kampuni, anaruhusiwa kulipa kodi ya mapato kwa makadirio kufuatana na mauzo yake. Kikomo cha mauzo kwa utaratibu huo kilipandishwa mwaka 2019 kutoka shilingi milioni 20 hadi milioni 100 kwa mwaka. Utaratibu huo hauihusu kampuni hata kidogo. Kampuni inayouza bidhaa za shilingi milioni 9 kwa mwaka na ile inayouza za bilioni 9 zinatazamwa kwa jicho moja: zote ziwe na vitabu, zote zilipe asilimia 30 ya faida inayotozwa kodi, na zote zilete ritani ndani ya miezi sita baada ya mwaka kufungwa.

Aidha, ritani ya kampuni ni lazima iandaliwe au ithibitishwe na mhasibu mwenye CPA aliyesajiliwa kutoa huduma hiyo kwa umma. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, iliyoanza kutumika Machi 2006 kuchukua nafasi ya ile ya kikoloni ya mwaka 1932, nayo inaitaka kampuni iteue mkaguzi wa hesabu. Kwa hiyo anayesema ataandaa hesabu za kampuni yake mwenyewe mwanzo hadi mwisho anajidanganya. Sahihi moja ni lazima ainunue.

Lakini kazi iliyo chini ya sahihi hiyo, karibu yote, mwenye kampuni anaweza kuifanya au kuisimamia mwenyewe, na akiifanya gharama yake hupungua. Mhasibu hutoza kwa siku anazotumia. Akikuta daftari la fedha, orodha ya ghala, orodha ya wadaiwa na wadai, na mafaili ya ankara yaliyopangwa kwa miezi, kazi yake ni kupima na kurekebisha. Akikuta boksi, anaanza kuwa karani, na karani mwenye CPA ni ghali. Dodoma haina upungufu wa vijana wa kazi ya vitabu: Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) kina kampasi hapa tangu mwaka 1983, na Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007. Kijana wa stashahada anayekuja mara moja kwa wiki kuandika daftari anatosha kwa kampuni nyingi za mjini hapa.

Tahadhari moja kuhusu sahihi. Wapo vishoka wanaouza "hesabu zilizokaguliwa" kama wengine wanavyouza mihuri. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, ina makao yake makuu hapa hapa Dodoma. Kuuliza kama fulani amesajiliwa ni safari ya bodaboda. Ifahamike pia kwamba hesabu ni za wakurugenzi. Mkaguzi anatoa maoni tu. Jina la mkurugenzi ndilo linalokaa chini ya mizania, na likigundulika la kugundulika, yeye ndiye huitwa kwanza.

Ghala ndilo linaloamua faida

Katika hesabu zote za kampuni ya mazao, hakuna tarakimu inayobadilisha faida kama thamani ya mali iliyobaki ghalani. Chukua kampuni ya kufikirika inayokamua alizeti, kuuza mafuta kwa madumu na mashudu kwa wafugaji, na kupeleka mafuta kwenye taasisi chache. Mwaka mzima imeuza kwa Sh. 118,000,000. Ilianza Januari na mali ya Sh. 14,000,000 ghalani, ikanunua alizeti ya Sh. 96,000,000. Matumizi ya uendeshaji, yaani mishahara, umeme, pango, usafiri na uchakavu wa mashine, ni Sh. 27,000,000.

Mwenye kampuni asiyehesabu ghala hujumlisha 14,000,000 na 96,000,000, akapata 110,000,000, akatoa kwenye mauzo na kubakiwa na Sh. 8,000,000. Akiondoa matumizi anaona hasara ya Sh. 19,000,000. Huyo atakwenda nyumbani na huzuni, au pengine na furaha ya kutolipa kodi.

Sasa tuseme jioni ya Desemba 31 kulikuwa na alizeti, mafuta na mashudu yaliyogharimu Sh. 38,000,000. Mali hiyo haijauzwa, hivyo gharama yake si ya mwaka huu. Gharama ya mali iliyouzwa ni 110,000,000 kutoa 38,000,000, yaani Sh. 72,000,000. Faida ghafi inakuwa Sh. 46,000,000 na faida baada ya matumizi ni Sh. 19,000,000. Kampuni ni ile ile, mwaka ni ule ule. Hasara ya milioni 19 imegeuka faida ya milioni 19 kwa sababu mtu mmoja aliingia ghalani na kalamu.

Anayedhani kwamba kuficha ghala kunamwokoa hajaangalia mwaka unaofuata. Mali ya kufunga mwaka ndiyo mali ya kufungua mwaka mpya. Akiandika sifuri Desemba, ataanza Januari na sifuri, na mauzo ya alizeti ile ile yataonekana kama faida tupu. Isitoshe, kampuni inayoonyesha hasara ya kikodi miaka mitatu mfululizo hutozwa kodi kwa asilimia ya mauzo yake, faida iwepo isiwepo, isipokuwa kwa shughuli chache zilizosamehewa. Hasara ya bandia hugeuka kodi ya kweli.

Kuhesabu kwenyewe kuna adabu yake. Siku ya kuhesabu, ghala lifungwe. Gunia lisiingie wala lisitoke. Wahesabu watu wawili, mmoja akitaja na mwingine akiandika, na mmoja wao asiwe mtunza stoo. Karatasi iandikwe aina ya mali, mahali ilipo, idadi, uzito na hali yake, kisha wote watie sahihi na tarehe. Mali iliyoko kwa mtu mwingine, kama alizeti iliyoachwa kwa mkamuaji Singida au Manyoni, iandikwe pia, kwa barua ya aliyeihifadhi. Mali ya watu iliyowekwa kwako isiingizwe hata kama imejaza nusu ya ghala.

Kwa kanda hii lipo jambo la lumbesa. Gunia la lumbesa lililonunuliwa shambani si gunia la kawaida linalouzwa mjini, licha ya kwamba lumbesa yenyewe imekatazwa na sheria ya vipimo. Mwenye kununua kwa gunia, kuuza kwa kilo na kuhesabu ghala kwa gunia atapata upungufu au ziada isiyoelezeka kila mwaka, na mtunza stoo ataitwa mwizi bure. Dawa ni kuandika kila kitu kwa kilo tangu mzigo unaposhushwa kwenye mizani.

Baada ya idadi huja bei. Kanuni ni kutumia gharama au thamani ya soko, ipi iliyo ndogo. Gharama ni bei ya kununulia pamoja na ushuru, usafiri na vibarua wa kupakia hadi mzigo kufika ghalani. Si bei unayotarajia kuuzia. Katika mfano wetu, tuseme magunia 40 yaliyonunuliwa kwa Sh. 70,000 kila moja yamelowa na hayawezi kuuzwa zaidi ya Sh. 45,000. Hayo yataandikwa kwa Sh. 1,800,000 badala ya 2,800,000. Ghala linashuka hadi Sh. 37,000,000 na faida inakuwa Sh. 18,000,000. Punguzo hilo ni halali kabisa, mradi karatasi ya kuhesabia inaonyesha kwamba magunia yalionekana yamelowa siku ile.

Mkoa wa Dodoma unao mfano wake mkubwa wa mali isiyohesabika. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha pale Kongwa mpango wa kulima karanga kwa matrekta, mengine yakiwa mabaki ya vita yaliyonunuliwa Ufilipino. Mvua na ardhi ngumu ndivyo hutajwa zaidi kuwa vilivyouangusha. Lakini hesabu za shirika lililoendesha mpango huo za hadi Machi 1949 zilipofika London, wakaguzi waliandika kwamba vitabu havikutunzwa inavyostahili, na Bungeni kukawa na kelele. Mapema mwaka 1951 mpango ulifutwa na pauni takriban milioni 36 zikahesabiwa zimepotea.  Mvua isingenyesha kwa ajili ya vitabu, ni kweli, ila walau aliyekuwa akilipa angejua mapema kwamba analipia nini.

Deni la ofisi ni mapato

Hapa ndipo makampuni mengi yanayouzia ofisi za umma huumia. Mtu binafsi anaweza kuruhusiwa kuhesabu mapato anapopokea fedha. Kampuni hairuhusiwi: sheria ya kodi inaitaka ihesabu mapato yanapostahili, hata kama fedha hazijaingia. Ukipeleka mafuta Mtumba Novemba, ukapewa hati ya kupokelea mali na ukatoa ankara, hayo ni mauzo ya Novemba. Ofisi ikilipa Mei, au isipolipa hadi mwaka wa fedha wa Serikali ufike mwisho Juni 30, kodi ya mapato yake bado ni ya mwaka ulioisha Desemba.

Tuseme katika mauzo ya Sh. 118,000,000 ya kampuni yetu zimo Sh. 16,000,000 za namna hiyo. Faida ipo, fedha hazipo. Ni kwa sababu hii mkurugenzi huweza kuona faida ya milioni 18 kwenye karatasi na akaunti ya benki ina laki tatu, akadhani mhasibu amekosea. Mhasibu yuko sahihi. Fedha zimelala katika maeneo mawili: ghalani na kwa mdaiwa.

Kinga iliyopo ni kujua mapema. Orodha ya wadaiwa ikitengenezwa Oktoba, ikionyesha nani anadaiwa kiasi gani na tangu lini, mkurugenzi ana miezi miwili na zaidi ya kufuatilia malipo kabla mwaka haujafungwa, na anaweza kujizuia kukubali agizo jingine kubwa la mkopo mwezi Desemba. Orodha hiyo hiyo ikitengenezwa Juni ni historia.

Ofisi ya Serikali inapolipia bidhaa hukata asilimia 2 kuwa kodi ya zuio. Fedha hiyo ni ya kampuni. Ni sehemu ya kodi yake iliyolipwa mapema. Lakini haihesabiwi bila cheti. Kampuni nyingi za Dodoma huacha vyeti hivyo vikae kwa watu kwa uvivu wa kuvifuata, kisha hulipa kodi ile ile mara ya pili. Kila malipo yakiingia benki pungufu ya ankara, cheti kidaiwe wiki hiyo hiyo.

Mfuko wa mkurugenzi

Wanahisa wakiwa mume na mke, au ndugu wawili, mpaka kati ya nyumba na kampuni hufutika haraka. Wateja hulipa kwenye simu ya mkurugenzi badala ya lipa namba ya kampuni. Ada ya shule hutoka kwenye droo ya dukani. Mchango wa harusi huandikwa "matangazo".

Kisheria, fedha inayotoka kwenye kampuni kwenda kwa mwenye hisa ina njia tatu: mshahara, ambao hukatwa kodi kila mwezi, gawio, ambalo kwa kampuni isiyo kwenye soko la hisa hukatwa asilimia 10, au mkopo, ambao utasomeka kwenye mizania kama deni la mkurugenzi hadi aulipe. Hakuna njia ya nne inayoitwa "nilichukua tu". Mhasibu asipopata maelezo ataweka kila kitu kwenye mkopo wa mkurugenzi, na siku kampuni inapoomba fedha benki, ofisa mikopo ataona kwamba mdaiwa mkubwa wa kampuni ni mwenye kampuni.

Njia rahisi ni daftari moja la fedha lenye safu mbili, taslimu na benki, likiandikwa kila siku, na kila mwisho wa mwezi kulinganishwa na karatasi ya benki na ya simu. Tofauti ya Machi huonekana Aprili, wakati aliyeisababisha bado anakumbuka. Kulinganisha miezi 12 kwa mpigo huchosha hata waliosomea.

Faida ya vitabu na faida ya kodi

Tukirudi kwenye kampuni yetu: faida ya vitabu ni Sh. 18,000,000, lakini TRA haitozi tarakimu hiyo moja kwa moja. Ndani ya matumizi mlikuwa na uchakavu wa mashine wa Sh. 2,400,000 uliopangwa na kampuni yenyewe. Huo unarudishwa, na mahali pake huwekwa punguzo la sheria, ambalo kwa mashine za kiwandani ni asilimia 25 ya thamani iliyobaki katika hesabu za kodi. Tuseme thamani hiyo ni Sh. 12,000,000, punguzo ni Sh. 3,000,000. Mlikuwa pia na faini ya barabarani ya Sh. 200,000 na ule mchango wa harusi wa Sh. 1,400,000. Vyote hivyo havikubaliki, vinarudishwa. Hesabu inasomeka hivi:

Faida ya vitabu: 18,000,000
Ongeza uchakavu wa vitabu: 2,400,000
Ongeza faini: 200,000
Ongeza mchango wa harusi: 1,400,000
Toa punguzo la mashine: 3,000,000
Faida inayotozwa kodi: 19,000,000
Kodi kwa asilimia 30: 5,700,000

Matumizi yasiyo na risiti ya EFD pia huwa kwenye hatari ya kukataliwa, na kwa wafanyabiashara wa mazao hili ni tatizo la kweli, kwani mkulima wa Mvumi au Bahi hana mashine. Wanunuzi makini huandaa hati zao za manunuzi zenye jina la muuzaji, kijiji, namba ya simu, uzito, bei na sahihi au dole gumba, na kulipa kwa simu ili iwepo alama ya malipo. Hati ya namna hiyo hujibu maswali mengi. Daftari lililoandikwa "alizeti, 4,000,000" halijibu hata moja.

Kodi haikusubiri Juni. Kampuni hutakiwa kupeleka makisio ya kodi ndani ya miezi mitatu ya mwanzo ya mwaka wake, na kulipa kwa awamu nne: Machi, Juni, Septemba na Desemba. Kampuni yetu ilikisia Sh. 4,000,000 na kulipa milioni moja kila awamu. Ikaja kuonekana kodi halisi ni 5,700,000. Sheria hutoza riba pale makisio yanapokuwa chini ya asilimia 80 ya kodi halisi, na asilimia 80 ya 5,700,000 ni Sh. 4,560,000. Wamepungukiwa. Ubaya ni kwamba makisio huruhusiwa kurekebishwa ndani ya mwaka. Aliyekuwa na hesabu za hadi Septemba angeona hali na kurekebisha kabla ya awamu ya mwisho. Kwa vyeti vya zuio vya Sh. 600,000 alivyonavyo, mkurugenzi atatakiwa kumalizia Sh. 1,100,000 kufikia Juni 30, pamoja na riba hiyo.

Anayechelewa kuleta ritani hupigwa adhabu kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi, na kiwango cha chini kwa kampuni ni mara tatu ya kile cha mtu binafsi. Adhabu hiyo huja hata kama kodi yenyewe ililipwa yote kwa awamu. Wapo waliolipa kodi kamili na bado wakajikuta na deni kwa sababu ya karatasi tu.

BRELA ni mlango mwingine

Kosa linalojirudia ni kuamini kwamba ukimaliza na TRA umemaliza na Serikali. Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), ulioanza mwaka 1999, unadai taarifa yake ya mwaka: wakurugenzi ni nani, katibu ni nani, hisa zimegawanywa vipi, ofisi iko wapi. Tarehe yake haifuati mwisho wa mwaka wa hesabu. Hufuata siku kampuni iliposajiliwa, na hutakiwa ndani ya siku 28 baada ya siku hiyo kutimia. Kampuni iliyosajiliwa Agosti 10 ina shughuli TRA Juni na shughuli BRELA Agosti na mwanzoni mwa Septemba.

Kwa kuwa mambo hayo siku hizi hufanywa kwa mtandao, mkurugenzi wa Mpwapwa au Kondoa hahitaji tena kupanda basi. Anachohitaji ni neno la siri la akaunti ya kampuni, ambalo mara nyingi amebaki nalo yule wakala aliyemsajilia na ambaye simu yake haipatikani.

Kampuni iliyosajiliwa kwa ajili ya zabuni ambayo haikupatikana nayo inadaiwa taarifa hiyo kila mwaka, ada na adhabu zikikua kimya kimya. Msajili ana uwezo wa kulifuta jina lake. Asiyeihitaji kampuni aifunge kwa utaratibu.

Vitabu viwili

Haifai kulipita jambo linalojulikana na kila mtu sokoni: kampuni yenye hesabu ya faida ndogo kwa ajili ya TRA na ya faida kubwa kwa ajili ya benki. Tukiacha kwamba ni kosa la jinai, ni biashara mbaya. Benki siku hizi huomba nakala ya ritani iliyopokelewa na TRA, na kulinganisha. Mwombaji hubaki na uchaguzi wa kukana karatasi moja mbele ya watu wa karatasi nyingine. Na aliyeonyesha faida ya milioni mbili miaka mitano mfululizo hawezi kushangaa akinyimwa mkopo wa milioni 50 wa kununulia alizeti ya msimu. Kwa hesabu zake mwenyewe hana uwezo wa kuulipa.

Mwekezaji mdogo anayeombwa na rafiki aingize milioni tano au kumi kwa kununua hisa afaidike na jambo hilo hilo. Aombe mizania mbili za miaka inayofuatana, ritani zake na orodha ya wadaiwa. Aangalie kama mali ya kufunga mwaka wa kwanza ndiyo iliyofungua mwaka wa pili. Isipokuwa hivyo, aulize ilikwenda wapi kabla ya kutoa fedha.

Lini mwaka ufungwe

Desemba 31 si amri. Kampuni inaweza kumwomba Kamishna imruhusu kutumia tarehe nyingine, na kwa biashara za kanda hii ombi hilo lina maana. Nyanda hizi zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na mavuno ya mahindi, mtama na alizeti huja kati ya Mei na Julai. Mfanyabiashara aliyejaza ghala Julai akisubiri bei ya Februari huikuta Desemba 31 akiwa na mtaji wake wote ndani ya magunia: kazi kubwa ya kuhesabu, kubishana juu ya bei, na fedha kidogo za kulipia awamu ya mwisho. Mwaka ukifungwa Machi 31 au Aprili 30, ghala ni jepesi, madeni mengi yamekusanywa, na kuhesabu ni kazi ya asubuhi moja. Kwa wenye zabibu, ambazo huvunwa mara mbili kwa mwaka, tarehe ya kufaa itakuwa nyingine tena. Ombi lipelekwe kwa barua yenye sababu, na kampuni isibadilishe tarehe kabla ya kupata kibali.

Vitabu, ankara na hati zote hutakiwa kutunzwa kwa muda usiopungua miaka mitano. Katika Dodoma hilo lina maadui wawili. Wa kwanza ni mchwa, hivyo mafaili yasikae sakafuni wala kugusa ukuta. Wa pili ni joto: maandishi ya risiti za EFD hufifia yakikaa kwenye gari au chini ya bati, na baada ya mwaka mmoja karatasi hubaki nyeupe. Risiti kubwa zitolewe nakala mwezi ule ule, nakala ibanwe pamoja na risiti yenyewe, na faili liandikwe mwezi na mwaka kwa nje.